Kapu la Vitumbua

Kabla ya alfajiri, mafuta yalikuwa yakichachatika jikoni kwa Bi Mwanakombo. Alikuwa akikaanga vitumbua vya kumlainishia mtu bandarini, maana bila hivyo mzigo ulikuwa hautoki. Mzigo wenyewe ulikuwa kiti cha magurudumu cha mumewe, ambaye hakuwa ameliona jua la uani tangu miguu imwishie nguvu.

Kwenye dirisha la ofisi bandarini, afisa aitwaye Tumaini alimrudishia kapu bila kulifunua.

“Siku hizi hatupokei, bibi. Kaa kivulini, utaitwa.”

Bi Mwanakombo akanywea. “Nimekosea wapi, mwanangu? Nimetia na iliki.”

“Hujakosea. Sisi ndio tuliokuzoesha vibaya.”

Mashine mpya za kupakulia zilinguruma, na kabla ya adhuhuri akaitwa. Kiti kilikuwa getini, kimefutwa vumbi.

“Basi njoo nyumbani,” Bi Mwanakombo alimwambia Tumaini, “ule ukiwa mgeni.”

Siku yake ya mapumziko, Tumaini alikuja, akaketi mkekani uani, akala hadi akalamba vidole.

“Utakuja tena, mwanangu?” aliuliza mume wa Bi Mwanakombo, huku akilisukuma gurudumu kwa kiganja, polepole, kulifuata jua.