Kanga ya Mama

Mwanasha, mchoraji wa vitambaa, alirudi mjini kwao baada ya miaka ishirini ya kuzunguka nchi za watu, akiwa na ugonjwa uliomtetemesha mikono. Asubuhi moja alitandika mezani kanga kuukuu ya marehemu mama yake, akachovya brashi kwenye rangi ya buluu. Mstari wa kwanza ulipinda.

"Pumzika, dada," alisema Rukia, mdogo wake. "Utaiharibu kanga ya mama."

"Nimechoka kungoja mkono utulie. Hautatulia tena."

Rukia akashika pindo la kanga, akalivuta likanyooka. Mwanasha akaendelea kuchora, polepole, akipumzika kila baada ya mistari miwili. Alipofika mwisho wa kitambaa hakuinua brashi. Rangi ikapita pindo, ikapanda vidoleni mwa mdogo wake, naye hakuviondoa.