Kasa wa Hitima

Pandu alivua makubadhi nje ya mlango, akapiga magoti pale pale kizingitini, na Bi Bahiya akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Inuka, Pandu. Watu watakuona."

"Na wanione, Bi. Nshaonekana vya kutosha."

Kweli alikuwa ameshaonekana. Tangu Ijumaa ile mtaa mzima wa Malindi, Unguja, ukimwita muuza sumu. Baiskeli yake ya samaki ilisukumiwa mtaroni, na huko kwao Jang'ombe wanawake waliokuwa wakigombania samaki wake sasa wakimpita mbali na vikapu vyao.

Yote yalianza na hitima. Mwaka ule wa sabini na moja, mchele ulikuwa wa foleni, na nyama ya ng'ombe ndiyo usiseme. Bi Bahiya alikuwa anatimiza mwaka tangu afiwe na mumewe, Bwana Turki, mtu aliyekuwa na mashamba yake na sinia zisizokauka wageni. Sasa awaite watu waje wamsomee marehemu, kisha awape nini? Chai kavu? Aibu ilioje! Ndipo alipomwita Pandu chemba, akamwomba amtafutie kasa na asimwambie mtu. Nyumbani kwao kasa hakuwa akiliwa, hata kutajwa alikuwa hatajwi.

Pandu alimleta Alkhamisi asubuhi, kashamkatakata. Kuna kasa mwenye sumu, hilo kila mtu wa pwani analijua, na wavuvi wana desturi yao: ini hupewa paka kwanza. Paka wa Pandu alikula, akajilamba, akalala, akaamka. Hata wanawe Pandu walikula fungu lao. Basi Bi Bahiya akashusha sufuria kubwa la shaba la mamaake, ambalo halikupikiwa karamu tangu mwaka wa Mapinduzi, akaitia nyama ukwaju na ndimu mpaka shombo likafa, akailaza humo humo. Siku ya pili aliwaambia wageni ni ng'ombe. Walikula wakaramba vidole. Yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani. Alisema machozi yameshamshibisha.

Kufika alasiri, lahaula! Watu wanatapika barazani, wameshika matumbo, na Mwalim Amour aliyeongoza kisomo akachukuliwa hospitali hajijui.

Jioni ile Bi Bahiya alisimama ukumbini mbele ya majirani.

"Nimekukoseeni," alisema. "Haikuwa ng'ombe. Nimekulisheni kasa, nilimpata kwa Pandu."

Akaishia hapo. Watu wakatazamana, wengine wakashika vinywa, na jina la Pandu likaanza kupita mdomo hadi mdomo. Kisha jirani yake, Bi Tamima, akamkumbatia.

"Umesema kweli, mwenzangu. Wangapi wangethubutu?"

Basi ikawa ndiyo hadithi ya mtaa, ukweli wa Bi Bahiya. Walimsifu kisimani, walimsifu foleni ya mchele, na kila sifa ilimkwama kama mwiba wa samaki. Mwanamke aliyezoea kutembea kifua mbele, sasa dirisha hafungui, chakula hakipiti, na akisikia hodi moyo unamruka. Aibu ilikuwa imemkalia kifuani, haitaki kuondoka.

Na leo huyu hapa, magotini.

"Nilimjaribu, Bi, wallahi nilimjaribu. Paka alikula. Wanangu wamekula, wazima, wanacheza. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma. Nnasema labda sumu ilikuwa ubavu mmoja tu, nami fungu hilo nkakuletea wewe."

"Labda," alisema Bi Bahiya, na macho akayatupa ukutani.

"Mwalim Amour mpaka leo hajasimama. Akifa mimi ntamjibu nini Mungu? Bahari nshaiacha, Bi. Nyavu nimempa shemeji yangu. Sikuja kutaka kitu. Nakuomba radhi tu, nipate kulala."

Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake, analia bila kujificha. Bi Bahiya alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, lilikuwa limeshafika ulimini, lilitaka kutolewa tu. Wakati huo huo Bi Tamima akapita njiani na kikapu chake, akapunguza mwendo, akamwinamishia kichwa kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata enzi za Bwana Turki.

"Masalkheri, Bi Bahiya."

"Masalkheri, mwenzangu."

Neno likarudi lilikotoka. Akangoja mpaka Bi Tamima amepinda kona.

"Nimekusamehe, Pandu," alisema.

Pandu alishukuru, akashukuru tena, akavaa makubadhi yake, akenda zake anafuta macho. Bi Bahiya akafunga mlango kwa komeo, akarudi jikoni kulisugua sufuria la shaba, ambalo bati lake la ndani lilikwisha zamani na fundi wa kulitia jengine alishahama. Shaba tupu ikilala na ukwaju hutoa sumu, mamaake alimwonya tangu utotoni, na asubuhi ya hitima aliiona kwa macho yake, ukoga wa kijani umetanda juu ya mchuzi. Akaukomba kwa upawa, akaumwaga, akawapakulia wageni.