Inavuta Kushoto

"Inavuta kushoto," alisema Mzee Issát, akautupa ufunguo wa pikipiki ya theluji juu ya meza ya gereji, katikati ya spana. "Tena."

Ravdna, binti yake, hakuinua hata kichwa.

"Si nimeinyoosha juzi, baba?"

"Basi imepinda jana."

Ravdna akaikokota ndani, akapiga magoti. Kazi hii aliijua kuliko kupika. Aliufunga usukani usicheze, akavuta uzi kutoka kwenye mkanda wa nyuma hadi mbele, ubavuni mwa zile ski mbili, miguu ya kutelezea theluji inayoiongoza pikipiki. Ski zinatakiwa ziufuate uzi, ncha zitanuke nje kidogo tu, upana wa ukucha. Zikikosea hapo, wewe unakata kona na pikipiki inakwenda inakotaka. Akalala kifudifudi, akafumba jicho moja, akatazama. Zilikuwa sawasawa kama alivyoziacha.

Akabadilisha vile vyuma vya chini ya ski, ili mzee asije akasema hakuna kilichofanyika. Kisha akaijaribu nyuma ya gereji, kwenye njia iliyochimbwa na pikipiki za kijiji kizima. Akageuka kutazama alama zake kwenye theluji. Zimenyooka.

"Pikipiki haina neno," alimwambia. "Mwenye neno ni dereva."

"Nilikuwa naendesha hizi kabla mama yako hajalijua jina langu."

"Ndiyo maana."

Wiki hiyohiyo Jovnna, mwalimu wa shule, naye alirudisha ya kwake akidai inakwenda upande. Ravdna alimshauri apunguze bia.

Majira ya kuwahamishia pwani kulungu wanaofugwa na ukoo yalikuwa yamekaribia. Tangu Ravdna azaliwe, aliyetangulia mbele ya kundi kulivuka ziwa lililoganda alikuwa baba yake, na kundi lote hufuata anakopita yeye. Njia yenyewe si ngumu, ila kushoto kwake, mto unapoingia ziwani, barafu haiaminiki hata mwezi wa baridi kali. Mwenye kutangulia akipotea kidogo tu, amepotea na mali ya ukoo mzima.

Mzee Issát alikwenda kuikagua njia asubuhi moja yenye jua zuri. Alirudi kwa miguu, suruali imeganda hadi mapajani, ngumu kama ubao.

"Imevuta kushoto," alisema mlangoni.

Safari hii Ravdna hakumtania. Alimvua buti, akamfunga blanketi, akatumbukiza vipande vya jibini kikombeni, kama kwao wanavyokunywa, na kumimina kahawa juu yake. Nusu ya kahawa ilimwagikia mezani. Aliilaumu haraka yake.

Mihkkal, binamu yake, ndiye aliyekwenda kuiopoa pikipiki majini kwa kamba. Ilipofika gereji, Ravdna aliweka uzi upya, akatazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa alimwomba Mungu amwonyeshe kosa. Hakuliona. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Mwaka huu atatangulia Mihkkal," alimwambia baba yake, aliyekaa kando na kahawa. "Kwa pikipiki yake mwenyewe."

Mzee alikitazama kikombe chake. "Kwa hiyo mimi ni kipofu."

"Sijasema hivyo. Nimesema twende mjini Alta, kwa daktari wa macho."

"Hilo la daktari hukulisema. Umelisema sasa hivi."

Siku ya kuhama ilipofika, mzee mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Mihkkal kamba ya kulungu wa mbele, yule wa kuvutwa nyuma ya pikipiki. Akamnyooshea mkono kumwonyesha kilima cha kulenga ng'ambo ya ziwa. Mihkkal aliondoka, kundi likamfuata, sauti ya kengele zao za shingoni ikapungua hadi ikapotea. Mzee alibaki amesimama, mkono wake bado umenyooka. Ravdna alitamani amshushie mkono ule, ila hakuthubutu. Alijiambia kwamba baba aliye hai na mwenye hasira ni bora kuliko yule mwingine.

Kisha wakasafiri hadi Alta.

Daktari, mwanamke mpole mwenye sweta ya kijani, alimkalisha mzee kwenye kiti, akamziba jicho moja, kisha la pili. Mzee alisoma herufi zote ukutani. Alipozimaliza akasoma na jina la kiwanda kilichochapa ile karatasi, huko chini kabisa, bila kuombwa.

"Umesoma vizuri. Imebaki hii." Daktari akamwinulia kadi nyeupe yenye mistari myeusi. "Unaona nini?"

"Miraba. Kama wavu wa samaki."

"Kuna mstari wowote uliopinda?"

"Hakuna. Yote imenyooka."

Ravdna alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kumbe imefikia hapa. Akaweka mkono begani kwa baba yake, akamsemesha kwa upole ambao hakuwa amemwonyesha majira yote yale.

"Baba, usione haya. Mwambie daktari ukweli, akusaidie. Hapo katikati mistari yote imejipinda, kama karatasi iliyolowa maji. Hata mimi naiona kutoka huku."

Daktari aliitazama kadi. Kisha akamtazama Ravdna, kwa muda.

"Mzee," akasema, "hebu mpishe binti yako hapo kwenye kiti."