Kambi za Warumi

"Choma!" nilimwambia Sadiya. "Kuna vizuizi vya askari njia nzima mpaka Koboko. Wakiona picha hizi zilizopigwa kutoka ndegeni, watasema sisi ni wapelelezi."

"Mama, hiyo ni Tunisia! Hayo ni mashamba ya Warumi."

"Na haya maduara mekundu?"

"Kambi za askari wao. Walikufa zamani sana."

"Walioko Koboko wako hai, na hawatangoja uwafundishe historia."

Kwa miaka yote ya chuo, binti yangu alitafuta katika picha hizo mistari ya barabara na mifereji ambayo mtu akiwa chini haioni. Vita vilipofika Kampala, alirudi nyumbani Arua na bahasha ya picha hizo tu, miguu mitupu.

Nje, dereva wa lori la mwisho la kwenda Sudan akapiga honi. "Mama, gari iko naenda!"

Sadiya akaketi kizingitini, bahasha kifuani. "Nendeni. Mimi nabaki."

Nilimjua. Angebaki.

Nikamnyang'anya bahasha, nikavua gauni. Nikazipanga picha tumboni, juu ya ngozi, kisha nikajifunga kitenge kwa nguvu, kama mzazi anavyofungwa mkaja tumboni baada ya kujifungua. Pembe ngumu za picha zikanichoma mbavuni kila nilipovuta pumzi. Nikavaa gauni tena.

"Wakiuliza," nikasema, "nimejifungua juzi, mtoto hakuishi. Na wewe ulie."

Alikuwa ameshaanza. Nikamshika mkono, nikampandisha lorini, nami nikapanda.