Bigijii ya Baba Coleta

"Tafuna, Baba Coleta. Tafuna kama mtu anayesikia utamu!" Luciana alimnong'oneza mumewe, akampachika bigijii nyingine mdomoni, kisha akakimbilia mlangoni kuwapokea waposaji.

Hila hiyo aliibuni mwenyewe, na aliionea fahari. Enzi hizi za ruksa maduka ya Sumbawanga yalijaa kila kikorokoro, na mzee mzima kutafuna bigijii mchana kweupe kulikuwa ushamba tu. Aibu ilikuwa ule mdomo wenyewe.

Maana mdomo wa mumewe Oswaldi haukutulia. Ulibusu hewa, ulitafuna pasipo chakula, na ulimi ulichungulia nje kama panya anayeangalia kama paka yupo. Kichaa chenyewe kilikwisha zamani, tangu alipoanza dawa, na shamba lake hapo Malangali lilikuwa safi kuliko ya wenye akili zao wote wa mtaa. Tabibu alikwisha kumweleza Luciana: "Ugonjwa haujarudi, mama. Ni hizo dawa; mtu akizitumia miaka mingi, mwili huweza kujichezesha wenyewe. Ila asiziache ghafla."

Luciana alielewa. Lakini watu nani angewaelewesha? Kabla ya kuoa, ukoo unachunguzwa: kuna kifafa? Kuna kichaa? Mchumba wa kwanza wa Coleta aliuona mdomo ule, akaaga kwamba anakwenda dukani kununua sigara, na mpaka leo ananunua. Coleta alilia mpaka akakonda. Sasa alikuwa amempata Steven, kijana wa Kisukuma kutoka Kaoze, na alikwisha sema: huyu naye akikimbia, yeye anakwenda zake utawani.

Wageni walikuwa Steven mwenyewe, mshenga wao Mzee Theodory, na baba yake Steven, Mzee Nyanda, pande la mtu lenye fimbo mkononi. Salamu zikapita, viti vikatolewa.

"Tumesikia hapa kuna jiko," Theodory alianza.

Hajafika mbali, Nyanda akainuka. Akaenda dirishani. Akarudi, akakaa. Mara akainuka tena, akasimama karibu na mlango akikanyagakanyaga chini.

"Karibu kiti, mzee," Luciana alimwambia.

"Nimekaa, mama," Nyanda alijibu, amesimama.

Mungu wangu, huyu anakagua nyumba, Luciana alijisemea. Ameshaona bati lenye kutu, sasa anatafuta la kusemea.

"Msimshangae," Theodory alisema. "Wasukuma hawa! Miguu imezoea kufuata ng'ombe, kiti kwao ni kifungo."

Watu wakacheka. Luciana alicheka kwa meno tu, moyo ukiwa juujuu. Steven hakucheka, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Na baba naye, bigijii anaipenda kweli," Theodory aliongeza.

"Acha tu, shemeji! Ndio ujana wake umerudi," Luciana alijibu haraka, na Oswaldi akatafuna kwa bidii, mtii kama mwanafunzi.

Mambo yalikwenda vizuri, mpaka Coleta alipoingiza ugali wa ulezi na kuku. Hapo ndipo Luciana alipotaka kujipiga kofi. Alifikiria kila kitu, akasahau kwamba wageni watakula! Na baba wa binti ndiye aliyetakiwa kumega tonge la kwanza. Oswaldi, mtu wa adabu zake, aliitoa bigijii, akaiweka kando, akanawa mikono.

Mdomo ukaendelea na kazi yake.

Theodory alikodoa macho. Coleta akajifunika uso kwa kanga.

"Ni... ni utamu bado haujamtoka," Luciana alisema. Hata yeye hakujiamini.

"Mama Coleta, basi," Oswaldi alisema kwa upole. "Ndugu zangu, niliwahi kuwa kichaa. Nilipona. Mdomo huu ni wa dawa, na wala si kwamba ninataka. Mwanangu hana kosa lolote, msimwadhibu kwa ajili yangu."

Luciana alijisikia kulia, maana miaka yote ile hakuwahi kumsikia mumewe akilisema jambo hilo mbele za watu.

Nyanda, aliyekuwa ndio kwanza amekaa, akainuka. Haya, huyo anakwenda kununua sigara, Luciana aliwaza, na akafumba macho.

Lakini Nyanda hakwenda mlangoni. Alimsogelea Oswaldi, akainama, akautazama ule mdomo kwa makini kama anayempima ng'ombe umri mnadani.

"Heri yako, mkwe," alisema hatimaye, akikanyagakanyaga palepale. "Wewe dawa zetu hizi zimekushika mdomo, angalau unakula umekaa."