Mshale wa Spidi

Upepo ulikuwa mkali hata Tekla akauma tesita ya umeme kwa meno, ili mikono yote miwili ikamate dashibodi. Mbele yake geji nne mpya ziling'aa kama vyombo vya harusi. Ya mafuta ilisoma. Ya betri ilisoma. Ya kina cha maji ilionyesha vistari vitupu, na ya spidi ilikuwa imelala sifuri.

“Hiyo ya kina nayo ina nini?” aliuliza Mwanakhamisi, mwenye boti. Alikuwa amekumbatia kiti, jaketi la kuokolea maisha likiwa juu ya baibui, kamba zote zimefungwa.

“Itakaa sawa, mama. Tuanze na spidi.”

Mwanakhamisi alikuwa ameuza duka lake la vitenge Mbeya mjini, akanunua boti ya starehe ya mtumba. Wageni wake wa kwanza walikuwa wafike Matema Jumamosi, na mkaguzi alishasema: geji zikidanganya, boti haibebi mtu. Tekla naye alikuwa na lake. Miaka kumi alitengeneza dashibodi za magari pale Iringa. Hii ilikuwa boti yake ya kwanza. Mafundi wenzake waliposikia, walicheka hadi wakakaa chini.

Akajilaza chini ya dashibodi, miguu nje. Fyuzi nzima. Umeme unafika. Akaufuata waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, kwa kidole mpaka kwenye skrubu, akakuta imekazwa juu ya rangi inayozuia umeme. Akaikwangua rangi kwa kisu, akakaza upya. Kitu kikalia *tii*.

“Geji ya spidi imekamata setilaiti!”

Mshale ukaamka. Ishirini. Arobaini. Hamsini na tano.

“Yuuwi!” Tekla aligonga kichwa akitoka, wala hakusikia maumivu. Clement, aliyeshika usukani, alikuwa hatua chache tu mbele yao, lakini kwa upepo ule ilibidi ampigie simu. “Kaka Clement, ongeza!”

“Niongeze tena?”

“Ongeza bwana, nione!”

Sitini. Sabini. Sabini na nane! Mwanakhamisi akapiga kigelegele, akafumba macho kwa hofu, akapiga kingine. Ushungi ulimpepea nyuma kama bendera, na Tekla alicheka mpaka machozi yakamkimbilia masikioni.

“Lakini nitajuaje kama haidanganyi?” Mwanakhamisi akapaza sauti katikati ya kicheko. “Hiyo sabini na nane kaithibitisha nani?”

Kabla Tekla hajajibu, mshale ukaanza kushuka. Hamsini. Ishirini. Sifuri.

“Usinifanyie hivyo, tafadhali,” aliibembeleza geji, akigonga kioo chake kwa ukucha. Hakuinua hata macho. Akaukamata tena waya wa ethi, ulikuwa bado umekazwa. Furaha yote ikamtoka. Akilini aliwaona mafundi wa Iringa wakikaa chini kwa mara ya pili.

Sauti ya mwanaume ikasikika kutoka chini, ubavuni mwa boti. Wakachungulia wote wawili. Mtu aliyevaa sare nyeupe pee alikuwa akiwatazama kama asiyeamini macho yake.

“Shukeni huko juu,” akasema, akiinua tochi ya kupimia mwendo. “Lori lenu limeingia Mafinga na sabini na nane. Hapa mwisho hamsini.”

“Sabini na nane!” Tekla akapiga yowe, akamrukia Mwanakhamisi shingoni.