Kipande cha Baba

"Harusi nikiipiga mimi, hata inzi akikohoa namnasa!" alitamba Mwinchande, mpiga picha, akizunguka ukumbini kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba wa bibi harusi alikuwa ameikataa ndoa ile tangu mwanzo. Alipotokea mlangoni bila kutarajiwa, binti yake Tunu alimkimbilia na shela lake, akamlisha keki kwa kijiti. Mzee akameza, akavaa kofia, akageuka kuondoka.

"Mzee wangu, turudie kidogo!" Mwinchande alikuja mbio, akipangusa mikono kwenye suruali. "Taa imezingua."

"Nimeshakula," mzee akajibu, bila kugeuka.

Tunu alikuwa ameshachoma kipande kingine. Picha ile moja tu, ya kumlisha baba yake, ndiyo aliyoitaka.

"Taa gani, wewe?" akadakia shangazi wa bwana harusi. "Si ulikuwa umeinamia sahani ya pilau? Na hizo punje ndevuni, umezileta zipigwe picha?"

Mzee akageuka, akaziona. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, mdomo wazi kabisa.

Tunu akanyanyua kijiti. Mwinchande akanyanyua kamera, kidole kikitafuta kitufe, kikiteleza kwa mafuta.